Gemu kutoka redioni

SWALI: Nimesikia kwamba Yugoslavia watu walirekodi gemu za kompyuta redioni. Iliwezekanaje?

JIBU: Ni kweli. Mwaka 1983 mtangazaji Zoran Modli alianza kurusha programu za kompyuta katika kipindi cha Ventilator 202, Redio Belgrade. Kompyuta za nyumbani wakati huo, kama Galaksija iliyobuniwa na Voja Antonić, zilihifadhi programu kwenye kaseti kwa milio, na mlio hupita hewani kama muziki. Msikilizaji alirekodi, kisha akaunganisha rekoda na kompyuta.

Tatizo kubwa (na bado huwasumbua wanaofufua kaseti hizo) ni hedi ya rekoda (kichwa kinachosoma kanda) kukaa upande: milio myembamba hufifia. Zungusha skrubu yake kidogo kidogo mpaka mlio uwe mkali. Sauti nayo isizidi, itapasuka. Mkwaruzo mmoja tu unaweza kuiharibu programu.