Siku moja tu? Nenda Stourhead
Dada, umeuliza uende jumba gani la kale lenye bustani, kwenda na kurudi London siku hiyohiyo. Mimi ningekwenda Stourhead, katika jimbo la Wiltshire, kusini-magharibi mwa Uingereza. Panda treni stesheni ya Waterloo, London, hadi Gillingham ya Dorset (si ile ya Kent, kagua tiketi yako!), kisha teksi. Jumba ni zuri, ila usimalizie muda humo. Uhondo uko bustanini. Henry Hoare, wa ukoo wa wenye benki, alianza kuitengeneza miaka ya 1740: mto ukazuiwa likapatikana ziwa, likazungushiwa mahekalu ya mtindo wa Kirumi na pango. Tembea polepole kulizunguka, maana kila kona ina mandhari yake. Oktoba majani hugeuka rangi, na watu hujaa. Wahi asubuhi.