Kwa nini hatukuondoka mapema

Mwanangu,

Umeniuliza: kama kambi ilikuwa ya muda, ilikuwaje tukakaa miaka yote ile? Nami nilimuuliza babu yako hivyo hivyo nikiwa binti. Akanijibu, "Kamuulize mwenye funguo za nyumba."

Tulitoka Baghdad, Iraki, kwa ndege kwenda Israeli mwaka 1951, mwaka ule ule mali za Wayahudi waliojiandikisha kuhama zilipozuiwa. Babu yako, karani wa benki, alishuka na masanduku ya nguo tu. Pale Sha'ar HaAliya, kambi ya kupokea wahamiaji karibu na Haifa, tulinyunyiziwa DDT, dawa ya kuua wadudu, tukapimwa afya, kisha lori likatushusha kambi ya Sakiya, nje kidogo ya Tel Aviv.

Kambi za mwanzo zilikuwa na jiko la pamoja. Watu walilishwa, wakakaa bure. Ndipo mwaka 1950 zikaanzishwa kambi za mpito, ma'abarot: unapewa hema au kibanda cha bati, riziki utajitafutia. Mpango haukuwa mbaya. Ila kufikia mwisho wa 1951 tulikuwa zaidi ya laki mbili kwenye kambi hizo, na kazi zilikuwa vibarua vya kutwa, kutengeneza barabara na kupanda miti. Babu yako alikwenda foleni alfajiri na koti lake la benki, akarudi jioni limejaa lami. Siku aliporudi nalo safi, tulijua hakupata kitu.

Nyumba ya kudumu ilitaka kianzio. Majirani zetu wa Romania walitangulia kutoka, maana wengi walikuwa na ndugu waliokwisha kuzoea nchi. Sisi wa Iraki tulikuja karibu sote kwa mkupuo mmoja. Nani amkopeshe nani? Nyumba za haraka zilikuwa kusini, jangwa la Negev, na bibi yako alikataa katakata. Alikwisha jenga tanuri la udongo mlangoni, wanawake wakioka mikate kwa zamu, enzi zile za mgao wa chakula ambapo hata mayai tuliyapata ya unga. Mimi naona alikuwa na haki. Wajomba zako wanabisha mpaka leo.

Mjomba wako mkubwa alipopata kazi ya kudumu gereji ndipo tukahama, tena si mbali: Or Yehuda, mji uliochipuka kwenye kambi zile zile. Kwa hiyo ukiniuliza tuliondoka lini, itategemea unamuuliza nani.

Mama yako