Alien: Isolation: ununue, lakini usicheze na mdogo wako

Ndugu yangu wa Likoni, nimeelewa kwamba unataka kununua mchezo wa video wa Alien: Isolation uucheze jioni pamoja na mdogo wako wa miaka 14, na unauliza kama uzuri wake unazidi kasoro zake.

Kwako wewe, naam. Uzuri wake mkubwa ni kiumbe wa kutisha wa anga za juu anayekuwinda. Mchezo huu, uliotengenezwa na Creative Assembly na kutolewa mwaka 2014, haukupi silaha ya kumuua. Moto humfukuza kwa muda tu, na kwa kuwa hafuati njia moja, huwezi kuikariri mienendo yake, bali utalazimika kujificha, kusikiliza vishindo vyake darini, na kutazama kifaa cha mkononi kinachoonyesha alipo, ambacho mlio wake nao humvuta akiwa karibu. Sauti zimefanyiwa kazi kwa ustadi wa ajabu, kwa hiyo vaa vipokea sauti.

Kasoro yake ni urefu, na sehemu zenye maadui roboti huchosha. Aidha, unahifadhi mchezo kwenye vituo maalumu pekee, hivyo umeme ukikatika, jambo tulilolizoea hapa Mombasa, utarudi nyuma sana. Hifadhi kila ufikapo kituoni.

Kuhusu mdogo wako, nakusihi usimshirikishe, kwani barani Ulaya mchezo huu umewekewa umri wa miaka 18. Ikiwa ameshauona na usingizi umempotea kwa majuma kadhaa, mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha.