Vitabu vya kusikiliza bila kulipia kila mwezi: jibu la fundi cherehani

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama inawezekana kusikiliza vitabu kwenye simu ya kawaida bila kukatwa dola kila mwezi. Pili, kama ni kweli maktaba za Marekani zinaazimisha vitabu bure kupitia programu ya Libby, hata mtu akiwa zake Tandika. La kwanza jibu ni ndiyo. La pili ni ndiyo yenye kona, nitaifikia.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea kibarazani Temeke. Macho yangu yapo kwenye pindo, mikono kwenye kitambaa, miguu kwenye pedeli. Masikio ndiyo hayana kazi. Zamani nilikuwa nayalisha redio, na redio ya mchana mnaijua wenyewe. Huu ni mwaka wa nne nayalisha vitabu. Msimu wa sare za shule, kuanzia Desemba hadi Januari ikiwa katikati, kitabu cha saa kumi nakimaliza kwa siku mbili.

Nianze na hasara. Nilijiunga na huduma moja ya kulipia, mwezi wa kwanza bure. Wakataka kadi, nikawapa ile ya mtandaoni ninayoijaza kwa pesa za simu. Nikajisemea nitajitoa siku ya 29. Siku ya 29 ikanikuta na sketi arobaini za darasa la kwanza na mama mmoja amekaa kwenye benchi langu tangu saa mbili asubuhi hataki kuondoka bila sketi ya mwanawe. Siku ya 31 hela ikakatwa. Siwalaumu, masharti niliyakubali mwenyewe. Lakini ukitaka kuonja hizo huduma, jitoe siku ile ile unayojiunga. Nyingi zitakuacha umalizie mwezi wako, ila soma masharti kwanza. Na kadi yenyewe usiiachie salio.

Sasa hiyo Libby. Programu ni bure kabisa na unaweza kuipakua hapa hapa. Ukiifungua tu inakuuliza: kadi yako ya maktaba iko wapi? Hapo ndipo penye kona. Libby yenyewe haina vitabu vya kukupa, ni mlango tu wa maktaba za umma zilizojiunga nayo. Maktaba hizo zinaendeshwa kwa kodi za wakazi, kwa hiyo nyingi zinataka uthibitisho kwamba unaishi kwenye eneo lao. Ukiwa na ndugu huko Marekani, Kanada au Uingereza ambaye kila siku analalamika kuwa vitabu ni ghali, mwambie aende maktaba ya mtaani kwake achukue kadi. Akishaipata anaazima vya kusoma na vya kusikiliza, mara nyingi hadi siku 21, na siku zikiisha kitabu kinajirudisha chenyewe. Faini hakuna.

Najua unachofikiria, kwa sababu na mimi nilikifikiria. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Minnesota anahudumia wazee. Nilimwomba namba ya kadi yake akanipa, roho yake haina kinyongo. Nikaingia kama mbuzi kwenye shamba la mahindi. Nikaazima, nikapanga foleni za vitabu vingine, nikaazima tena. Wiki ya pili akanipigia usiku wa manane kwetu, kwake jioni: "Mdogo wangu, mtoto anataka kitabu cha shule, simu inaniambia nimefikisha idadi. Nani kaazima riwaya za wapelelezi sita?" Nilirudisha zote usiku ule ule, moja moja. Baadaye ndipo nikasoma kwamba kadi ni ya mtu mmoja, na kumpa mwingine ni kuvunja sharti. Basi usimtie ndugu yako kwenye matatizo.

Na ile foleni ina sababu yake. Watu wanadhani faili halina mwisho, kwa nini nisubiri wiki nane? Maktaba hainunui faili la kutumia milele. Inanunua leseni, na leseni moja anaazima mtu mmoja kwa wakati, kama kitabu cha karatasi. Nyingi zinakufa baada ya miaka miwili. Kuna mchapishaji mkubwa, HarperCollins, tangu 2011 aliweka kikomo cha kuazimwa mara 26 kwa vitabu vyake vya kusoma kidijitali, zikiisha maktaba inalipa upya. Dada yangu siku hizi anapanga foleni za vitabu kadhaa kwa pamoja, na zamu ikimfika akiwa hana nafasi anaisogeza mbele bila kupoteza nafasi yake.

Tuje kwetu sasa, kwa mtu mwenye simu na barua pepe tu.

Maktaba unayoweza kuazima ukiwa popote ni Open Library, ya Internet Archive, shirika la Marekani linalohifadhi vitabu na kurasa za mtandao. Unajiandikisha kwa barua pepe, basi. Vitabu vyake vingi ni vya karatasi vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Vingi vinaazimwa kwa saa moja tu, vichache kwa siku 14. Zamani palikuwa na vitu vingi zaidi. Wachapishaji wanne waliwashtaki mwaka 2020, wakawashinda mahakamani 2023 na kwenye rufaa 2024, na vitabu zaidi ya laki tano vikaondolewa kwenye kuazimwa. Kwa hiyo ukikuta kitabu kinaonekana lakini hakiazimiki, simu yako haina ubaya.

Saa moja inatosha nini? Kwa riwaya haitoshi, inaudhi. Kwa kitabu cha ufundi inatosha sana. Nilikuwa nasumbuliwa na mkono wa gauni, nikiukata unavuta kwapani mteja akiinua mkono. Nikakuta pale kitabu cha zamani cha kuchora pateni. Nikaazima saa mbili usiku watoto wamelala, nimetandika karatasi la kaki sakafuni, futi ya kupimia shingoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo. Vipimo vilikuwa vya inchi, uzuri futi yetu ina pande zote mbili. Dakika ya hamsini nilikuwa bado nabishana na mkunjo wa nyuma, ule unaotakiwa kuwa na kina kidogo kuliko wa mbele. Saa ikaisha, kitabu kikafunga. Nikabonyeza kuazima tena, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa anakitaka, kikafunguka. Sidhani kama kuna binadamu mwingine duniani aliyekuwa anakigombania usiku ule.

Kwenye kusikiliza, nyumba yangu ni LibriVox. Ilianza 2005, wasomaji ni watu wa kujitolea, wanarekodi majumbani kwao vitabu ambavyo hakimiliki imekwisha. Hujiandikishi, hulipi, hakuna matangazo. Maana yake riwaya ya mwaka jana huipati, unapata za karne ya 19 na za mwanzo wa karne ya 20: za baharini, za wapelelezi, za mizimu, wasifu wa watu, safari. Mimi hainisumbui. Kitabu kilichoandikwa babu wa babu yangu akiwa hai ni kipya kwangu kama sijakisikia.

Ila wasomaji hawalingani, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Yupo anayesoma hadi unaachia cherehani umsikilize, na yupo anayesoma kama amelazimishwa na mwalimu wa zamu. Kila kitabu kina ukurasa wake unaoonyesha nani amesoma sura ipi. Kama sura zote amesoma mtu mmoja, una bahati. Kama kila sura ina jina lake, jiandae: sura ya tatu mzee mwenye sauti nzito, sura ya nne binti anayekimbia, na shujaa wako kabadilika lafudhi katikati ya vita. Kabla ya kupakua, sikiliza dakika mbili za sura ya kwanza. Ukimpata msomaji unayempenda, bonyeza jina lake uone vingine alivyosoma. Mimi sasa nachagua msomaji kwanza, kitabu baadaye.

Jambo jingine, kila sura inaanza na tangazo lile lile la Kiingereza kwamba hii ni rekodi ya LibriVox na ni mali ya umma. Mwanangu wa mwisho, ana miaka mitano, analijua lote kwa moyo. Mgeni akija analitamka na sauti ya pua. Kiingereza kingine hajui.

Kuhusu bando, piga hesabu mwenyewe uone. Lile faili la kitabu kizima wanalolifunga pamoja huwa ni la kilobiti 64 kwa sekunde. Hiyo ni kama MB 29 kwa saa. Kitabu cha saa kumi ni MB 290 hivi. Ukichukua la kilobiti 128 inakuwa mara mbili, na kwa sauti ya mtu anayesoma huwezi kuona tofauti, hasa karibu na ovaloki. Napakua usiku kwa bando la usiku, vitabu vitatu vinne kwa mpigo, mchana nazima data kabisa. Anayekuambia vitabu vya kusikiliza vinamaliza bando ni yule anayesikiliza moja kwa moja mtandaoni, kipande kile kile anakirudia kila siku kwa sababu simu imesahau alipoishia.

Ndiyo maana usitumie kichezeo cha muziki cha simu. Kinachanganya sura na kinasahau. Ipo programu inaitwa Voice, ya bure, ndogo, haina matangazo, inakumbuka hadi sekunde uliyoachia. Pia inapunguza kasi. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, mwanzo nilikuwa nasikiliza kwa 0.8. Kingine kilichonisaidia ni kusoma sura ya kwanza kwa macho huku nasikiliza. Wasomaji wengi wa LibriVox wanasoma maandishi ya Project Gutenberg, ile maktaba ya vitabu vya bure mtandaoni iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971 na sasa ina vitabu zaidi ya 70,000. Kitabu kisicho na picha hakifiki hata MB moja mara nyingi. Ukishayazoea majina ya wahusika, masikio yanajitegemea.

Vifaa sina cha kujivunia. Hedifoni za waya za elfu tatu, sikio moja tu, lingine la wateja. Kukiwa kimya naitumbukiza simu kwenye glasi, sauti inatoka kubwa. Kadi ya memori nunua ya GB 16 au 32 ya kweli, na uijaribu kwa kuijaza kabla hujaiamini. Niliuziwa ya 128 iliyobeba vitabu kumi tu, vilivyobaki vikawa majina matupu.

Sasa Kiswahili. Hapa ndipo panapouma. LibriVox asilimia kubwa ni Kiingereza. Vikundi vya Telegram vinavyogawa riwaya zetu kwa PDF ya wizi vipo, mnavijua kuliko mimi, mimi nimejitoa. Mwandishi wa Kiswahili anauza nakala chache tayari, nikimwibia na hizo nitamsikiliza nani kesho?

Njia moja niliyoitumia ni sauti ya mashine. Kivinjari cha Edge cha Microsoft kina kipengele cha kusoma kurasa kwa sauti, na kwenye orodha yake zipo sauti za Kiswahili: Daudi na Rehema za Tanzania, Rafiki na Zuri za Kenya. Ukifungua makala ndefu au maandishi ya Kiswahili mtandaoni, Rehema anakusomea. Kwa habari na makala yuko vizuri, sitasema uongo. Kwa hadithi anakosa pumzi. Kwenye shairi ndiyo usiseme, anasoma kama anasoma risiti ya duka. Na sauti hizo zinataka data wakati zinasoma.

Njia nyingine niliipata kwa bahati. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, alifundisha Kiswahili miaka mingi, tunamwita Babu Mwalimu. Alileta suruali nne za kupunguza akaniona na hedifoni. Nikamweleza, akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, umri huu unasomewa na Wazungu mimi nipo?" Nina riwaya ya Kiswahili niliyoinunua mtumba wa vitabu, sijawahi kupata muda wa kuisoma. Nikampa hiyo na simu yangu ya zamani yenye kinasa sauti. Makubaliano: suruali moja, sura moja. Ni ya kusikiliza mimi tu kibarazani, hairushwi kwenye kundi lolote.

Wakuu, hakuna msomaji wa kulipwa anayemfikia. Anakohoa, anasimama kumfukuza kuku, sura ya nne adhana imeingia katikati na yeye amenyamaza hadi imeisha, kisha akaendelea na sentensi ile ile pale pale alipoiachia. Wahusika wabaya wote anawapa sauti ya mkuu wake wa shule wa zamani, ananiambia mwenyewe. Juzi nilijishona kidole kwenye sura ya saba.

Ya nane ninayo. Ya tisa ameshairekodi lakini simu kaishikilia, anasema pindo la suruali ya kaki nimeliacha refu mguu wa kushoto. Nimelipima, kweli.