Jicho la Askari Likipasuka, Usilikandamize

Fulana ya kuzuia risasi hulinda kifua na helmeti hulinda kichwa, ila uso hubaki wazi. Bomu la kutegwa barabarani likilipuka, changarawe na vigae vya chuma hupata njia hapo. Wakazi wa Nairobi tunalijua hili tangu Agosti 7, 1998: wengi walisogea madirishani waliposikia kishindo cha kwanza ubalozini mwa Marekani, kisha bomu lenyewe likawamwagia vioo machoni. Ukisikia mlipuko, lala chini na ugeuze uso. Dirishani usiende.

Miwani ya kinga iwe ya polikaboneti, yaani plastiki ngumu isiyovunjika upesi, na izibe pembeni. Ile ya fundi wa grinda pale Kamukunji haitoshi vitani. Miwani bora ya viwandani hupimwa kwa gololi ya chuma ya milimita 6 inayokwenda mita 45 hivi kwa sekunde. Ya kijeshi hupimwa kwa kipande kinachokwenda karibu mita 200. Isafishe kwa maji, sabuni na kitambaa laini. Petroli na thina huipasua polikaboneti polepole bila wewe kuona. Ikichubuka sana, omba nyingine, kwa maana askari asiyeona vizuri ataivua, na miwani iliyo mfukoni haimlindi mtu.

Sasa jicho limeumia. Kosa kubwa, na linafanywa na watu wenye nia njema, ni kulifunga kwa pamba na bandeji ya kubana. Jicho lililotoboka likibanwa, vilivyo ndani hutokea kwenye tundu, na havirudi. Dalili za kutoboka ni mboni iliyochongoka kama tone, kitu cheusi au cha kahawia kinachochungulia kwenye jeraha, au kuona kunakofifia ghafla. Ukishuku tu, lichukulie kuwa limetoboka.

Weka kifuniko kigumu. Kama huna, kata kitako cha kikombe cha karatasi, kingo zake ziegemee mfupa wa nyusi na wa shavu, kisha ubandike plasta kutoka kipajini hadi shavuni. Chini yake usiweke chochote, hata shashi. Usichomoe kigae kilichokwama, usioshe, usipake mafuta ya dawa. Jicho lile lisiloumia liache wazi ili atembee mwenyewe. Asile wala kunywa, kwa kuwa atapelekwa upasuaji; mhudumu wa afya ampe dawa ya kuzuia kutapika, maana kutapika huongeza shinikizo jichoni, pamoja na antibiotiki na chanjo ya pepopunda. Lengo ni jeraha lishonwe ndani ya saa 24.

Asidi ya betri au chokaa ni habari nyingine kabisa: hapo osha papo hapo kwa maji safi, nusu saa nzima, ndipo msafiri.

Hospitalini, iwe ya jeshi pale Mbagathi, Kenyatta au Kikuyu, sema mapema kwamba huenda kuna chuma jichoni, asipelekwe kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha kwa sumaku kali, inayoweza kukisogeza chuma. Kipimo kinachofaa ni CT, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta.

Familia nazo zijue jambo hili: hata wiki au miezi baadaye, jicho lile lisiloumia likianza kuwa jekundu, kuuma au kuogopa mwanga, mrudisheni kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Mwili unaweza kulishambulia kwa sababu ya lile lililojeruhiwa, na dawa husaidia zaidi zikianza mapema.