Jibu la msomaji: Rundo la kwanza lisilale

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni hatua ipi itakayosaidia zaidi kukomesha takataka zinazozagaa kandokando ya barabara na taka zinazomwagwa kinyume cha sheria katika maeneo tunayoishi. Jibu langu ni kwamba kila rundo jipya liondolewe kabla halijapata la pili, na wakati huohuo tuulize aliyelimwaga angeweza kulipeleka wapi kwa njia halali. Faini, mabango na kampeni za usafi vina nafasi yake, lakini naona vinatangulizwa mno.

Mara nyingi tunachanganya makosa mawili ambayo vyanzo vyake havifanani. Anayerusha chupa nje ya dirisha la gari hutenda hivyo kwa mazoea, bila kupanga, na aghalabu mahali ambapo wengine wamekwisha kutupa. Anayemwaga kifusi, magodoro au matairi usiku amepanga safari yake: amepakia mzigo, amechagua mahali pasipo na nyumba wala taa, na amepiga hesabu kwamba kufika kwenye dampo halali kutamgharimu fedha na muda. Pipa jipya kando ya barabara linaweza kumsaidia wa kwanza, ila halimhusu kabisa wa pili.

Kuhusu huyo wa kwanza, ushahidi upo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya majaribio ambayo moja lilifanyika kwenye uchochoro wenye maegesho ya baiskeli, ambako walifunga kikaratasi kwenye usukani wa kila baiskeli na hapakuwa na pipa la taka karibu. Ukuta ulipokuwa safi, asilimia 33 ya wenye baiskeli walikiacha kikaratasi ovyo. Ukuta huohuo ulipochorwachorwa, wakafikia asilimia 69. Kilichobadilika ni sura ya mahali tu, na kwa hiyo siridhiki na siku moja ya usafi kwa mwaka ambayo baada yake barabara huachwa ijichafukie hadi mwaka unaofuata. Nchini Estonia, mwezi Mei 2008, watu wapatao 50,000 walizoa takriban tani 10,000 za taka kwa siku moja, na kazi hiyo inastahili heshima kubwa. Hata hivyo, ninachokithamini zaidi ni maandalizi yake, kwa kuwa watu wa kujitolea walitangulia kuchora ramani ya maelfu ya majalala yasiyo halali. Ramani ya namna hiyo, ikihuishwa kila wiki na wakazi wenyewe, huonyesha mahali panaporudiwarudiwa, na hapo ndipo taa, kizuizi cha kuzuia magari au doria vinapohitajika.

Huyu wa pili ni mgumu zaidi. Mara nyingi mwenye taka hamwagi mwenyewe. Humlipa mtu mwenye gari au mkokoteni, na huyo hutia malipo mfukoni, kisha akamwaga mzigo kwenye kona ya kwanza yenye giza. Nchini Uingereza sheria inamtaka mwenye nyumba achukue hatua za kuridhisha kuhakikisha kwamba anayemkabidhi taka zake ameruhusiwa kuzibeba, na naamini mwelekeo huo ni sahihi, kwa sababu unamrudishia wajibu yule aliyezizalisha. Lakini wajibu huo utakuwa wa haki tu ikiwa orodha ya wabebaji wenye vibali iko wazi kwa kila mtu, na ikiwa kuna siku zinazojulikana ambazo taka kubwa huchukuliwa kwa gharama ambayo kaya ya kawaida inaimudu. Kupandisha ada ya dampo bila kufanya hayo ni kuwasukuma watu kwenye vichaka.

Uharaka ninaousisitiza hautokani na kupenda unadhifu peke yake. Tairi lililotupwa hushika maji ya mvua, na mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi, huzaliana humo vizuri sana. Mifuko huziba mitaro, na rundo lililokaa muda mrefu mwishowe huchomwa moto, ndipo moshi wenye sumu wa plastiki unapoingia katika nyumba za watu ambao hawakutupa chochote.

Kinachochelewesha uondoaji, kwa kadiri ninavyoona, ni ubishi wa nani anahusika: mamlaka ya barabara, halmashauri au mwenye kiwanja. Pendekezo langu ni kwamba halmashauri iondoe kwanza, ndani ya muda uliotangazwa, kisha imdai gharama anayestahili kulipa. Kabla ya kuondoa, ipige picha na kulipekua rundo, kwa maana risiti, bahasha na lebo za mizigo zimo humo mara nyingi, na zinaweza kufikisha uchunguzi kwa mwenye taka. Kazi hiyo ya kupekua isiachiwe wakazi wa kujitolea. Wao watoe taarifa na kuokota takataka nyepesi wakiwa na glavu, lakini sindano, makopo ya kemikali na vipande vya mabati ya asbesto wasiviguse; hivyo vingoje watu waliofunzwa na wenye vifaa.