Pichi ya Wedji: Acha Soli Iteleze, Usichimbe

Mchezaji wa gofu yuko yadi 45 kutoka shimoni. Mpira umekaa vizuri kwenye nyasi fupi, mbele hakuna bunka (shimo la mchanga) wala maji. Anapiga, fimbo inazama udongoni nyuma ya mpira, na mpira unaruka yadi 10 tu kisha unalala. Anajaribu tena: safari hii ukingo wa fimbo unaupiga mpira tumboni, nao unakwenda chinichini kwa kasi hadi ng'ambo ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi sana yenye shimo. Wengi huyaona haya kuwa makosa mawili na hulitafutia kila moja dawa yake. Lakini hayo ni mapacha. Katika yote mawili fimbo ilifika chini kabisa kabla ya kufika kwenye mpira. Mara ya kwanza ilikuta ardhi pale, ikachimba. Mara ya pili ilipita juu kidogo ya ardhi, ikaanza kupanda, na ilipoukuta mpira ilikuwa tayari iko juu mno.

Kwa hiyo anayetaka pichi nzuri ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuhakikisha fimbo inafika chini pale mpira ulipo au mbele yake kidogo. Ya pili ni kuhakikisha kinachogusa ardhi ni soli, yaani upande wa chini wa kichwa cha fimbo, si ukingo. Kwa pichi ninamaanisha pigo la wedji (fimbo fupi yenye uso ulioinama sana) lisilo la nguvu zote, tuseme yadi 20 hadi 80, ambalo mpira unakaa hewani zaidi ya unavyobingirika. Maelezo ni kwa anayecheza mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Ijue soli kwanza

Ipindue wedji yako uitazame chini. Utaona ukingo wa mbele, ule mwembamba, kisha soli inayoshuka chini zaidi ya ukingo huo kabla ya kupanda tena kwa nyuma. Pembe inayofanywa na mteremko huo ndiyo baunsi, na mara nyingi namba yake imechongwa kwenye fimbo pembeni ya namba ya lofti, yaani mwinamo wa uso wa fimbo unaoupandisha mpira. Chukua kijiko ukione kitu hiki kwa macho: buruta mgongo wake juu ya unga, utateleza; elekeza ncha yake chini, itazama. Baunsi ndiyo mgongo wa kijiko.

Baunsi ya digrii 4 hadi 6 ni ndogo, inafaa ardhi ngumu na nyasi zilizokatwa chini sana. Digrii 7 hadi 10 ni ya wastani. Zaidi ya 10 ni kubwa, na humsaidia anayeshuka na fimbo kwa pembe kali au anayecheza kwenye ardhi laini na mchanga mwingi. Wazo hili si geni: mchezaji wa gofu Gene Sarazen aliongeza lehemu chini ya fimbo yake ili isizame mchangani, akaitumia kushinda mashindano ya Open ya Uingereza mwaka 1932. Hata hivyo wachezaji wengi hununua soli nzuri kisha wanaifuta wenyewe kwa jinsi wanavyosimama.

Wanaifutaje? Kwa kuinamisha mpini kuelekea lengo. Kila digrii moja unayoinamisha mpini mbele inakula karibu digrii moja ya baunsi, na digrii moja ya lofti pia. Wedji ya digrii 56 yenye baunsi 10, mikono ikisukumwa mbele kwa digrii 10, inakuwa fimbo ya digrii 46 isiyo na baunsi hata kidogo. Kilichobaki chini ni jembe. Ushauri wa "mikono mbele, mpira nyuma" unafaa kwa pigo la chini la kukwepa matawi ya mti. Kwa pichi ya kawaida, kwa maoni yangu, umeharibu michezo mingi kuliko ulivyoisaidia.

Namna ya kusimama

Visigino viachane sentimita 15 hadi 20 tu. Pigo ni fupi, halihitaji msingi mpana. Miguu ikitanuka mwili unaanza kuyumba, na kadiri unavyoyumba kwenda kulia ndivyo sehemu ya chini ya mwendo wa fimbo inavyohamia nyuma ya mpira.

Vidole vya mguu wa kushoto vigeuze kuelekea lengo kama digrii 20 hadi 30 ili nyonga na kifua vipate njia ya kugeuka. Hapa macho hudanganya: ukishageuza vidole, mpira utaonekana umerudi nyuma ingawa haujasogea hata kidogo. Wengi husogea ili "kuurekebisha", na kosa linaanzia hapo. Pima kwa visigino, usipime kwa vidole. Mpira uwe katikati ya visigino, au upana wa kidole kimoja mbele ya katikati.

Uzito kama asilimia 60 uwe mguu wa kushoto, na ubaki huko tangu mwanzo hadi mwisho. Mfupa wa kifua uwe juu ya mpira au mbele yake kidogo, kwa sababu fimbo hupenda kufika chini kabisa karibu na pale kifua kilipo. Shika fimbo sentimita 2 au 3 chini ya ncha ya mshikio. Mikono iwe mbele ya tumbo, mpini ukiwa karibu wima. Ugumu wa kushika, ikiwa 10 ni kukaba kwa nguvu zote, uwe 4. Ukikaba, vifundo vya mikono vinakufa na uzito wa kichwa cha fimbo huusikii tena.

Unataka mpira upande zaidi na utulie haraka? Fungua uso wa fimbo kidogo, yaani ugeuze utazame juu na kulia zaidi, lakini ufungue kwanza ndipo ushike. Anayeshika kwanza kisha akapinda mikono atakuta uso umejifunga wenyewe unapofika kwenye mpira.

Kifua ndicho kinachobeba fimbo

Anza kurudisha fimbo kwa kifua, mikono na kichwa cha fimbo vikiondoka pamoja. Vifundo vitakunjika vyenyewe kwa uzito wa fimbo. Usivikunje kwa makusudi na usivizuie. Simamisha mwendo mpini ukiwa sambamba na ardhi, utazame uso wa fimbo. Ncha ya kichwa cha fimbo ikielekea juu, au ikiinama mbele kidogo kwa kufuata mwinamo wa mgongo wako, uko salama. Uso ukitazama ardhi umefungwa, na uso uliofungwa huleta ukingo mbele na kuificha soli.

Kushuka kunaongozwa na kifua kugeuka kuelekea lengo. Hapa ndipo pichi nyingi hufa: kifua kinasimama, mikono inaendelea, na kwa kuwa haina pa kwenda, vifundo vinafyatuka ili kuunyanyua mpira. Vikifyatuka mapema fimbo inafika chini mapema, na mapacha wetu wanazaliwa. Mpira hauhitaji kunyanyuliwa. Lofti ya digrii 56 imeshaifanya kazi hiyo. Wewe peleka soli chini ya mpira na uendelee kugeuka. Ukimaliza, kifua na mkanda wa suruali vitazame lengo, uzito uwe juu ya kisigino cha kushoto, na mguu wa kulia uwe mwepesi kiasi cha kuweza kuunyanyua bila kuyumba.

Kusita katikati ya pigo ni ugonjwa mwingine, na chanzo chake huwa kabla ya kushuka. Mtu anarudisha fimbo mbali mno kwa pigo la yadi 30, mwili unatambua kwamba nguvu zimezidi, unafunga breki karibu na mpira. Kumwambia "usisite" hakumsaidii. Mwambie apunguze kurudisha nyuma, kisha mwendo wa mbele uwe na urefu uleule au uzidi kidogo.

Baada ya pigo, inama uisome alama. Pichi iliyopigwa kwa soli huacha nyasi zimekwanguliwa juu juu, upana wa soli, pengine vumbi kidogo au umande uliofutika, na alama hiyo inaanzia pale mpira ulipokuwa. Shimo lenye ukuta mkali upande wa nyuma linakuambia kwamba ukingo ndio uliotangulia. Alama inayoanza sentimita 5 nyuma ya mpira inakuambia kwamba kifua kilibaki nyuma. Hata mpira ukitua vizuri kwa bahati, alama haikufichi kitu.

Umbali: tumia saa, usitumie nguvu

Mpango wa kupima umbali kwa sura ya saa ulienezwa na Dave Pelz, aliyekuwa mwanafizikia wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kabla ya kugeukia kufundisha mchezo mfupi, yaani mapigo ya karibu na grini. Fikiria mtu amesimama mbele yako akikutazama: kichwa chako kiko kwenye 12, miguu kwenye 6, na mkono wako wa kushoto ni mshale. (Soma namba zilizoandikwa kwenye saa ya ukutani. Kwetu mshale ukiwa kwenye 9 tunasema saa tatu, na kuchanganya hayo mazoezini ni rahisi sana.) Unajifunza vituo vitatu vya kurudisha mkono: 7 na nusu, 9 ambapo mkono uko sambamba na ardhi, na 10 na nusu. Mwendo ni uleule kwa vyote, kinachobadilika ni urefu wa kurudisha tu.

Wedji tatu kwa vituo vitatu zinakupa umbali tisa. Kuupata wako, piga mipira 10 kwa kila kituo, tupa miwili iliyopigwa vibaya kabisa, kisha andika umbali wa katikati wa ile iliyobaki. Andika pale mpira ulipotua, sio uliposimama, kwa sababu kubingirika hutegemea grini ya siku hiyo. Bandika namba kwenye mpini wa kila wedji kwa karatasi ndogo. Usiige namba za mwingine. Mwendo wako si wake.

Namba hizi hufanya kazi ikiwa lofti zimepangwa vizuri. Acha digrii 4 hadi 6 kati ya wedji na wedji. Seti nyingi za siku hizi zina pichingi wedji (wedji yenye lofti ndogo kuliko nyingine) ya digrii 42 hadi 46, kwa hiyo anayeruka kutoka hapo hadi 56 ameacha pengo kubwa ambalo atalijaza kwa kubahatisha. Kanuni zinaruhusu fimbo 14 begini, na kwa mchezaji wa kawaida kutoa fimbo ndefu moja asiyoiamini ili aingize wedji ya 50 au 52 ni biashara nzuri.

Uwanjani, chagua mahali pa kutua kabla ya kuchagua fimbo. Bendera si lengo la pichi. Lengo ni doa la nyasi mbele ya bendera. Njia ikiwa wazi, tumia lofti ndogo uache mpira utembee. Lofti ya digrii 60 iwekee siku ambayo bunka iko katikati na bendera iko karibu na ukingo wa grini, kwani kadiri lofti inavyoongezeka ndivyo kosa dogo la kugusa mpira linavyogeuka kosa kubwa la umbali.

Mpira ulikokaa

Spini, yaani mpira kuzunguka kinyumenyume hewani, inatokana na msuguano kati ya uso wa fimbo na mpira. Maji, udongo au majani yakiingia katikati, msuguano unapungua: mpira unateleza juu ya uso, unatoka juu zaidi na ukitua unatembea. Basi futa uso kila pigo kwa taulo lenye unyevu upande mmoja, na usugue mifereji yake kwa brashi. Kwenye nyasi ndefu spini itakuwa ndogo hata fimbo ikiwa safi, kwa hiyo ufanye mpira utue mapema zaidi. Nyasi za aina ya kikuyu hushika shingo ya fimbo na kuufunga uso. Shika kwa nguvu kidogo zaidi mkono wa kushoto na uanze na uso uliofunguka.

Kwenye mteremko, mabega yafuate ardhi. Ukipiga kupanda, ardhi inaongeza lofti na mpira unapungukiwa, basi ongeza kituo kimoja cha saa. Ukipiga kushuka, mpira unatoka chini na kukimbia. Ardhi ngumu isiyo na nyasi inataka wedji yenye baunsi ndogo na uso usiofunguliwa, la sivyo soli itadunda na ukingo utaupiga mpira katikati.

Mazoezi mawili

Chora mstari ardhini kwa chaki, simama ukiwa umeuweka katikati ya visigino, kisha piga mara 10 bila mpira. Kila alama ianze juu ya mstari au upande wa lengo. Usiweke mpira kabla hujapata 8 kati ya 10. Mpira ukishawekwa, kunja taulo uliweke sentimita 15 nyuma yake.

Mpira ukichomoka kulia kwa pembe kali, umeguswa na shingo ya fimbo: uzito umehamia vidoleni na fimbo imesogea mbali na mwili. Weka mpira wa pili sentimita 5 nje ya ule unaopiga, upige wa ndani bila kuugusa wa nje, ukiusikia uzito katikati ya nyayo. Na ukigusa taulo mara tatu mfululizo, usianze kubadili mikono. Simama upya, uangalie kwanza mfupa wa kifua uko wapi, kisha kama kifua kilifika kutazama lengo au kiliishia kwenye mpira.